Kuandika vitanzi vya kuhesabu kwa BASIC: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mtoto wa darasa la tatu akiimba jedwali la saba, sikiliza kinachobadilika. "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Saba mara tatu, ishirini na moja." Saba iko pale pale, na neno "mara" liko pale pale. Kinachosogea ni nambari moja ya katikati, inapanda kwa moja kila anapovuta pumzi, na jibu linaifuata. Hana haja ya kukariri sentensi kumi na mbili tofauti. Anahitaji sentensi moja, mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea.

Hicho ndicho kitanzi cha kuhesabu, ambacho wengi wetu tunakiita lupu. Hapa tutakiandika kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyoundwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Programu yake ya kwanza iliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Walitaka hata mwanafunzi wa historia au fasihi, asiye mtu wa hisabati, aweze kukaa mbele ya kompyuta na kuiamuru. Amri za FOR na NEXT zilikuwamo tangu toleo hilo la kwanza. Nimeichagua BASIC kwa sababu moja: mwanzo, mwisho na mruko wa kitanzi (kiasi kinachoongezwa kila mzunguko) vinaonekana vyote katika mstari mmoja, na ukivielewa hapa utavitambua katika lugha yoyote nyingine.

Unachohitaji

Pakua QB64, programu ya bure ya kuandikia na kuendeshea BASIC, inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Ifungue, andika, kisha bonyeza F5 ili programu yako iendeshwe. Kama una kompyuta ya zamani yenye QBasic, ile iliyokuja na mfumo wa kompyuta wa MS-DOS 5 mwaka 1991, mifano yote hapa itakubali humo pia.

Weka pia karatasi na kalamu karibu. Kalamu ndiyo itakayokufundisha zaidi, na baada ya muda mfupi utaona kwa nini.

1. Kitanzi cha kwanza

Andika mistari hii mitatu:

FOR n = 1 TO 12
    PRINT 7; "x"; n; "="; 7 * n
NEXT n

Bonyeza F5. Jedwali lote la saba litatokea, kuanzia 7 x 1 = 7 hadi 7 x 12 = 84. Bila kitanzi ungeandika mistari kumi na miwili ya PRINT, na siku ukitaka jedwali la tisa ungeirekebisha yote.

Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, lakini ni machache na kila moja lina kazi yake. FOR ni "kwa", TO ni "hadi", PRINT ni "chapisha kwenye skrini", na NEXT ni "inayofuata". Alama ya * ni "mara". Ukiyasoma kwa pamoja: kwa n kuanzia 1 hadi 12, chapisha mstari huu, kisha nenda kwenye n inayofuata. Herufi n ni kigeu, yaani kisanduku chenye jina ambacho ndani yake kuna nambari moja kwa wakati mmoja. Ungeweza kukiita mara, hesabu au jina lingine lolote linalokueleza kilichomo. Mstari wa katikati nimeusogeza ndani kidogo ili jicho lione kipi kinarudiwa. Kompyuta haijali nafasi hizo, ila wewe utazishukuru programu itakapokuwa ndefu.

2. Mashine inafanya nini hasa, na kwa mpangilio gani

Sehemu hii usiipite haraka. Makosa mengi ya vitanzi niliyowahi kuyaona yanatoka hapa: mtu anajua kitanzi kinahesabu, lakini hajui kinaulizwa swali lake wakati gani.

Mashine ikifika kwenye FOR n = 1 TO 12, inaweka 1 ndani ya n. Kisha inajiuliza: je, n imezidi 12? Haijazidi, basi inaingia ndani na kufanya kazi iliyomo. Ikifika kwenye NEXT n inaongeza moja, n inakuwa 2, na inarudi juu kwenye swali lile lile. Inaendelea hivyo hadi swali lijibiwe "ndiyo, imezidi", na hapo inaruka hadi mstari ulio chini ya NEXT.

Sasa ongeza mstari mmoja mwishoni, chini ya NEXT n:

PRINT n

Kabla ya kubonyeza F5, andika kwenye karatasi nambari unayoitarajia. Wengi huandika 12. Skrini itaonyesha 13. Mashine haina namna nyingine ya kujua kwamba imemaliza, lazima n ifike 13 ndipo swali "imezidi 12?" lijibiwe ndiyo. Kwa hiyo n inabaki imevuka kikomo kwa mruko mmoja. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalitumia kwa faida huko mbele.

Njia ya kuliona jambo hili kwa macho ni kuchora jedwali la kufuatisha. Chukua kitanzi kidogo:

jumla = 0
FOR n = 1 TO 3
    jumla = jumla + n
NEXT n

Chora safu tatu kwenye karatasi: n, jibu la swali, na jumla.

n = 1, imezidi 3? hapana, jumla = 1
n = 2, imezidi 3? hapana, jumla = 3
n = 3, imezidi 3? hapana, jumla = 6
n = 4, imezidi 3? ndiyo, tunatoka, jumla inabaki 6

Mstari wa nne ndio ambao watu huusahau. Ukijizoeza kuuandika kila mara, utakuwa umejiokoa na nusu ya matatizo ya vitanzi. Na kama kitanzi chako ni cha kuhesabu hadi elfu moja, kifuatishe kwa 3 kwanza. Kikiwa sahihi kwa 3 na kwa 1, karibu kila mara kitakuwa sahihi kwa elfu.

3. Kukusanya jumla: kibubu cha wiki 52

Bila shaka umewahi kusikia mtindo wa kuweka akiba ambapo wiki ya kwanza unatia 1,000 kwenye kibubu, wiki ya pili 2,000, ya tatu 3,000, hadi wiki ya 52 unapotia 52,000. Mwisho wa mwaka kibubu kina shilingi ngapi?

jumla& = 0
FOR wiki = 1 TO 52
    jumla& = jumla& + wiki * 1000
NEXT wiki
PRINT "Akiba ya mwaka:"; jumla&

Jibu ni 1378000. Unaweza kulihakiki bila kompyuta: 52 mara 53 gawa kwa 2 ni 1,378, na kila moja ni elfu.

Angalia mahali palipowekwa kila mstari. Kilicho juu ya FOR kinafanyika mara moja, kabla ya safari. Hapo unasafisha kibubu. Kilicho kati ya FOR na NEXT kinafanyika mara 52. Kilicho chini ya NEXT kinafanyika mara moja, baada ya safari. Jaribu kuhamisha jumla& = 0 uiingize ndani ya kitanzi, juu ya mstari wa kujumlisha. Jibu litakuwa 52000, kwa sababu kila wiki unakimwaga kibubu kabla ya kutia, na kinachobaki ni mchango wa wiki ya mwisho peke yake. Mashine haitalalamika hata kidogo. Programu itaendeshwa vizuri na kukupa jibu la uongo, na kosa la aina hiyo ni baya kuliko lile linalosimamisha programu.

Ukihamisha PRINT ndani, utapata mistari 52, mmoja kwa kila wiki. Hilo si kosa ikiwa unataka kuona akiba inavyokua.

Ile alama ya & baada ya jumla inaiambia BASIC kwamba kisanduku hiki ni kikubwa, kinabeba nambari kamili hadi 2,147,483,647. Ungeweka % ungepata kisanduku kidogo kinachokomea 32,767. Kwa kibubu chetu kingejaa mapema: wiki ya 8 jumla inafika 36,000. QBasic husimama hapo na kuandika Overflow, yaani kisanduku kimefurika. Ukishughulika na shilingi, tumia & tangu mwanzo.

4. STEP, na nguzo moja inayosahaulika

Mpaka sasa tumepanda moja moja. Neno STEP linakuruhusu kuchagua ukubwa wa mruko. Tuseme unajenga uzio wenye urefu wa mita 30, na kila baada ya mita 3 unasimamisha nguzo. Utanunua nguzo ngapi? Jibu kichwani kwanza.

nguzo = 0
FOR mita = 0 TO 30 STEP 3
    nguzo = nguzo + 1
NEXT mita
PRINT "Nguzo:", nguzo

Ni 11. Aliyegawa 30 kwa 3 akapata 10 amehesabu nafasi zilizo kati ya nguzo, akasahau ile ya mwanzoni kabisa, kwenye mita 0. Kosa hili linawapata waandishi wa programu wenye uzoefu wa miaka mingi, si wanaoanza tu, na linastahili kanuni ya kuandikwa ukutani: idadi ya mizunguko ni mwisho toa mwanzo, gawa kwa mruko, acha sehemu ya desimali, halafu ongeza moja. Hapa ni 30 gawa kwa 3, ongeza 1.

Kuna jambo jingine ndani ya kanuni hiyo. Badilisha 30 iwe 31 uone. Nguzo ni 11 zile zile. Kutoka 0 kwa mruko wa 3 unapita 27, 30, kisha 33, na 31 haiguswi kamwe. Kikomo unachoandika baada ya TO ni ukuta ambao hesabu haitauvuka. Si lazima hesabu iuguse.

5. Kuhesabu kurudi nyuma

FOR n = 10 TO 1 STEP -1
    PRINT n
NEXT n

Mruko ukiwa hasi, swali la mashine linageuka: sasa inauliza kama n imeshuka chini ya 1. Baada ya kitanzi n itakuwa 0.

Futa STEP -1 uendeshe tena. Hakuna kinachotokea. Hakuna kosa, hakuna nambari, skrini tupu. Rudi kwenye sehemu ya 2 na utajijibu mwenyewe: n inaanza na 10, mashine inauliza kama imezidi 1, jibu ni ndiyo, inatoka kabla ya kuingia. Ukiona kitanzi kilichonyamaza namna hii, tazama kwanza mwelekeo wa hesabu.

Baadhi ya BASIC za zamani, mathalani ya Commodore 64 ya mwaka 1982, ziliuliza swali mwishoni, kwenye NEXT, kwa hiyo kitanzi hicho hicho kingefanya kazi mara moja kabla ya kutoka. Ukinakili programu ya enzi hizo na ikakupa matokeo tofauti, anza kuchunguza hapo.

6. Desimali usizitumie kuhesabia

Unaweza kushawishika kuandika FOR x = 0 TO 1 STEP 0.1 ukitarajia mizunguko 11. Huenda ukapata 10. Kompyuta huhifadhi nambari kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika msingi huo, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu: 0.333 na kuendelea bila mwisho. Kila mruko unabeba kasoro ndogo, kasoro zinajumlika, na mzunguko wa mwisho unaweza kuvuka 1 kwa kiasi kidogo mno ambacho hukioni, lakini mashine inakiona. Hesabu kwa nambari kamili, kisha gawa ukiwa ndani:

FOR k = 0 TO 10
    x = k / 10
    PRINT x
NEXT k

7. Kigeu si lazima kichapishwe kama kilivyo

Kigeu cha kuhesabia ni malighafi. Unaweza kukipika upendavyo. Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tunajua taabu ya kumweleza mgeni kwamba saa moja asubuhi ni saa 7 kwenye saa yake. Kitanzi kimoja kinatoa jedwali zima:

FOR saa = 1 TO 12
    PRINT "Saa", saa, "mchana:", saa + 6, "usiku:", (saa + 18) MOD 24
NEXT saa

Kwa saa za mchana unaongeza 6 tu, na saa 12 jioni inakuwa 18. Usiku unaongeza 18: saa 1 usiku ni 19, saa 5 usiku ni 23. Lakini saa 7 usiku ingekuwa 25, na hakuna saa 25. MOD inatoa salio la kugawanya: 25 gawa kwa 24, salio 1. Ndiyo maana saa 6 usiku inatokea kama 0, na saa 12 alfajiri inarudi kuwa 6. Kila unapohitaji kuhesabu kitu kinachozunguka, kama saa, siku za wiki au zamu za watu, MOD ndiyo rafiki yako.

8. Kitanzi ndani ya kitanzi

Ubao wa bao una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili. Tuzipange:

kete = 0
FOR safu = 1 TO 4
    FOR shimo = 1 TO 8
        PRINT 2;
        kete = kete + 2
    NEXT shimo
    PRINT
NEXT safu
PRINT "Kete zote:", kete

Safu inasimama kwenye 1, na shimo linatembea kutoka 1 hadi 8 lote. Ndipo safu inaenda 2, na shimo linaanza tena kutoka 1. Cha ndani kinafanyika mara 4 kwa 8, yaani 32, na kete ni 64, kama mchezaji yeyote wa bao atakavyokuthibitishia. Nukta mkato baada ya PRINT 2 inazuia kushuka mstari, na PRINT tupu iliyo nje ya kitanzi cha ndani ndiyo inayoshusha mstari safu ikiisha.

Kitanzi kilichofunguliwa mwisho lazima kifungwe kwanza, NEXT shimo kabla ya NEXT safu. Na kila kitanzi kiwe na kigeu chake. Ukitumia n kwa vyote viwili, QBasic itakataa kuiendesha programu, na BASIC itakayokubali, cha ndani kitavuruga hesabu ya cha nje. Haya mawili yakikusumbua, taja jina la kigeu baada ya kila NEXT hata pale ambapo BASIC haikulazimishi.

9. Kutoka kabla ya mwisho

Turudi kwenye kibubu. Unataka kujua ni wiki gani akiba itafika 500,000.

jumla& = 0
FOR wiki = 1 TO 52
    jumla& = jumla& + wiki * 1000
    IF jumla& >= 500000 THEN EXIT FOR
NEXT wiki
IF wiki > 52 THEN
    PRINT "Mwaka hautoshi"
ELSE
    PRINT "Lengo linafikiwa wiki ya"; wiki
END IF

IF ni "kama", THEN ni "basi", ELSE ni "la sivyo", na END IF inafunga swali lenye mistari mingi. Alama ya >= ni "imefika au imezidi", na > ni "imezidi". EXIT FOR inaruka nje papo hapo, bila kupita NEXT, kwa hiyo wiki inabaki na thamani iliyokuwa nayo: 32. Lengo likiwa 2,000,000, kitanzi kinakwisha bila kulifikia, na kama tulivyoona mwanzoni, wiki inatoka ikiwa 53. Kwa hiyo swali "wiki imezidi 52?" linatenganisha hali hizo mbili bila kigeu cha ziada.

Usijaribu kutoka kwa kuandika wiki = 52 ndani ya kitanzi, wala kuruka mizunguko kwa wiki = wiki + 1. Itafanya kazi leo, na baada ya mwezi hutaelewa programu yako mwenyewe. Kigeu cha kuhesabia kiachie FOR na NEXT. Na kama tangu mwanzo hujui kikomo, kwa mfano unasoma majina hadi mtu aandike "basi", FOR si chombo chako. Tafuta DO WHILE, kitanzi kinachorudia maadamu sharti ulilolitaja bado ni kweli.

10. Ukihamia lugha nyingine

Kwenye Python jedwali letu linaanza hivi: for n in range(1, 13). Nambari ya pili haihesabiwi, kwa hiyo ili ufike 12 unaandika 13. Na baada ya kitanzi, n ya Python inabaki 12, si 13. Kwenye C unaandika for (n = 1; n <= 12; n++), na hapo n inatoka ikiwa 13 kama ya BASIC. Kila unapokutana na lugha mpya, andika kitanzi cha 1 hadi 3, chapisha kigeu ndani na baada ya kitanzi, utaijua tabia yake kwa dakika mbili.

Mazoezi

Yafanye kwa karatasi kwanza, kisha kwa mashine.

Jumlisha nambari shufwa kuanzia 2 hadi 50. Zipo ngapi? Jumla ni 650.

Hesabu miaka mirefu yote kuanzia 1964, mwaka BASIC ilipozaliwa, hadi 2024, ukitumia STEP 4. Ukipata 15, rudi kwenye nguzo za uzio, ni 16.

Chora pembetatu ya nyota: mstari wa kwanza nyota moja, wa pili mbili, hadi mstari wa saba. Utahitaji vitanzi viwili, na kikomo cha kile cha ndani hakitakuwa nambari bali kigeu cha kile cha nje. Nyota zote zikiwa 28, umepata.